Muuguzi Aliyeweka Saa Mezani

Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, yule ambaye mji wetu ulibeba jina lake kuanzia 1910 hadi 1966, aliwahi kuvunjika mkono. Siku hizo mgonjwa mwenye cheo mjini Bruxelles aliuguzwa na masista wa Kikatoliki, na hakuna aliyefikiri kwamba ingeweza kuwa vingine. Malkia hakuwaita masista. Alituma ujumbe kwenye shule moja ndogo ya Ixelles, akaomba aletewe muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Habari ikaenea mjini. Shule iliyokuwa ikitazamwa kwa jicho la pembeni ikawa shule ya heshima, kwa sababu ya mfupa mmoja wa kifalme.

Mkuu wa shule hiyo alikuwa Mwingereza, mwanamke mwembamba, mkimya, mwenye macho ya kijivu na nywele zilizoanza mvi mapema. Jina lake Edith Cavell. Wanaolijua jina hilo hujua jinsi alivyokufa, basi. Kifo chake nitakifikia, lakini sitaki kuanzia hapo, kwa kuwa miaka ishirini ya kazi ya uuguzi imemezwa na asubuhi moja ya Oktoba, na mimi ni ile miaka ishirini inayonivutia.

Alizaliwa tarehe 4 Desemba 1865 katika kijiji cha Swardeston, karibu na mji wa Norwich, mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa kijiji hicho, mtu wa msimamo na wa maombi marefu. Siku za Jumapili chakula cha nyumbani kwao kiligawiwa kwanza kwa majirani maskini, kisha ndipo familia ikala. Edith alikuwa kifungua mimba wa watoto wanne. Alipenda kuchora maua, kucheza dansi na kuteleza juu ya barafu wakati wa baridi. Alipokuwa msichana alimwandikia binamu yake Eddy kumwalika nyumbani, akamshauri asije mwisho wa juma, maana mahubiri ya baba yalikuwa marefu na yenye kuchosha. Inafaa kulikumbuka neno hilo, kwa sababu wengi waliomfahamu baadaye walimwona kama mtu asiyejua mzaha. Mzaha alikuwa nao. Aliuficha tu.

Katika shule ya bweni ya Peterborough alijifunza Kifaransa vizuri mno, na Kifaransa ndicho kilichomfungulia maisha. Mwalimu wake ndiye aliyempendekeza kwa familia moja ya Bruxelles iliyotafuta mlezi wa watoto. Akakaa huko tangu 1890 hadi 1895. Sisi wa kitivo hiki tunapenda kuulizwa lugha zinafaa kwa kazi gani. Huyu binti wa mchungaji, bila lugha ya pili, angezeeka Norfolk akichora maua.

Mwaka 1895 baba yake aliugua, naye akarudi kumhudumia. Baba akapona, na binti akaamua kwamba kazi ile ndiyo yake. Alikuwa na karibu miaka thelathini, umri ambao wanawake wengi wa tabaka lake walikuwa wamekwisha kuolewa au wamekwisha kukata tamaa ya kuolewa. Mwaka 1896 akapokelewa katika hospitali kubwa ya mashariki ya London, chini ya matroni mmoja mashuhuri aliyeitwa Eva Lückes. Mwanafunzi alifanya kazi tangu saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, nusu saa ya kula, kwa malipo ya pauni kumi hivi kwa mwaka. Mwaka 1897 homa ya matumbo ilizuka katika mji wa Maidstone: watu zaidi ya 1,700 waliugua, 132 wakafa. Cavell alikuwa miongoni mwa wauguzi waliopelekwa huko, akarudi na medali.

Na bado matroni hakuridhika naye. Katika daftari lake Lückes aliandika kwamba Cavell ana uwezo akitaka kujitahidi, ila hana bidii ya kutosha, hazingatii saa hata kidogo, wala si muuguzi wa kutegemewa kabisa. Nimeisoma hukumu hiyo mara kadhaa na kila mara nacheka, nikijua yaliyokuja baadaye. Kwa maana Bruxelles, wakati wa kifungua kinywa, matroni Cavell aliketi mezani akiwa ameweka saa yake mbele yake. Muuguzi aliyechelewa zaidi ya dakika mbili alikatwa saa mbili za mapumziko yake, akazifanya kazi. Kama Lückes alimchoma kwa neno lile, au kama Cavell mwenyewe alijiona katika wasichana waliokuja wakikimbia huku wanafunga aproni, hakuna ushahidi. Nadhani yote mawili.

Kabla ya Bruxelles alipitia hospitali za maskini za London. Huko Shoreditch alianza desturi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani baada ya kuruhusiwa, akaona jinsi mtu aliyepona wodini anavyorudi kuugua katika chumba chenye unyevu kisicho na chakula. Leo jambo hilo lina majina marefu katika vitabu vya afya. Kwake lilikuwa kutembea kwa miguu baada ya kazi.

Mwaka 1907 daktari mpasuaji wa Bruxelles, Antoine Depage, alitafuta mtu wa kuongoza shule ya kwanza ya Ubelgiji ya wauguzi wenye diploma na wasio watawa. Depage hakuwa rafiki wa Kanisa. Aliwaona masista wanaomba vizuri kuliko wanavyonawa mikono. Alimtaka mwanamke aliyefundwa kwa mtindo wa Nightingale, ajuaye Kifaransa, asiyeogopa watu. Tarehe 1 Oktoba 1907 shule ikafunguliwa katika nyumba nne zilizoungana, na wanafunzi wasiozidi watano. Cavell alikuwa na miaka 41.

Hapa ndipo maoni yake kuhusu kazi yanapoanza kusikika, katika barua kwa mama yake na kwa marafiki, na baadaye katika jarida la wauguzi, L'Infirmière, lililoanzishwa mwaka 1910. Hakuzunguka. Aliona kwamba tatizo la kwanza la uuguzi nchini Ubelgiji halikuwa dawa wala majengo, lilikuwa aibu. Mwanamke wa familia njema aliyefanya kazi ya mshahara alihesabiwa amejishusha. Angeweza kumhudumia mgonjwa kwa sadaka, lakini akipokea malipo amekuwa mtumishi wa ndani. Cavell alishikilia kwamba mtu anayetaka kuheshimiwa kwa kazi hiyo ni lazima kwanza aisomee, afanye mtihani, alipwe, kisha adaiwe kazi sawasawa na malipo yake. Masista hakuwatukana. Aliwaona wanawake wa kujitoa. Ila kujitoa hakuchemshi vyombo, naye aliwavalisha wanafunzi wake magauni ya bluu ya kufulika, aproni nyeupe na kola nyeupe, akafurahia kuandika jinsi yalivyotofautiana na majoho mazito ya masista yaliyofagia sakafu za wodi.

Wakati huohuo, na hapa ndipo wengine huona mgongano, alitaka muuguzi awe na kitu ambacho hakuna mtihani unaokipima. Alichukia umbeya kuliko alivyochukia uchafu. Alirudia mara nyingi kwamba muuguzi anayesema vibaya juu ya mwenzake ataharibu wodi nzima, hata kama mikono yake ni hodari. Aliamini kwamba muuguzi mwema hujua pia kwa nini anafanya anachofanya. Kwa hiyo alifundisha mwenyewe, na kufikia 1914 alitoa mihadhara minne kwa juma. Wanafunzi walimwogopa. Wachache walisema hana moyo. Lakini ni yeye huyo aliyekaa miaka akimlinda nyumbani mwake msichana mmoja wa Kiingereza aliyetawaliwa na mofini, bila kuwaeleza watu kwa nini anamvumilia.

Kisha kulikuwa na mbwa. Jack alikuwa mbwa wa mitaani asiye na ukoo unaojulikana. Cavell alimwokota, akamtembeza Bruxelles nzima. Matroni asiyesamehe dakika tatu za uchelewaji alimsamehe Jack kila kitu.

Kufikia 1911 hivi shule yake ilikuwa ikipeleka wauguzi katika hospitali tatu, shule 24 za msingi na shule 13 za watoto wadogo. Miaka minne tu!

Niruhusiwe kusimama kidogo kwenye neno lenyewe, maana ndiyo kazi tuliyojia Kasapa. Nesi wa Kiswahili cha pwani amekuja kutoka Kiingereza, na Kiingereza kililitoa kwenye Kilatini cha kunyonyesha: muuguzi ni mama wa maziwa. Kifaransa kinamtaja kwa udhaifu wa mtu anayemhudumia, yule asiye imara. Muuguzi wetu anatokana na kuugua, kwa kupitia kuuguza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akiiona ile z, atasema hii ni kauli ya kusababisha, na kwa hesabu hiyo muuguzi angekuwa mtu anayemfanya mwenzake augue. (Kuna wagonjwa watakaokubali.) Lakini kitenzi hiki kinatumia kauli hiyo kwa maana ya kumsaidia mtu kulifanya jambo, kukaa naye ndani yake: kuuguza ni kuwa pamoja na mtu katika kuugua kwake. Sijui lugha nyingine iliyokaribia zaidi kile Cavell alichokidai kwa wanafunzi wake. Na hapa Lubumbashi mtaani tumeyaacha yote matatu. Kila aliyevaa koti jeupe ni munganga, daktari na muuguzi pamoja, hata anayesukuma kitanda.

Hilo la mwisho lina historia, wala halichekeshi sana. Ubelgiji iliichukua Kongo kuwa koloni lake mwaka 1908, mwaka mmoja baada ya shule ya Cavell kufunguliwa. Kazi ambayo kule Bruxelles ilikuwa ikipiganiwa ionekane ni ya watu wenye elimu, huku ililetwa na masista na kufundishwa Wakongo kama mwisho wa njia: Mkongo aliweza kuwa muuguzi au msaidizi wa daktari, daktari hapana. Hospitali kubwa ya mji wetu ina jina la Jason Sendwe. Wengi tunamkumbuka kama kiongozi wa Balubakat, aliyeuawa Albertville mwaka 1964. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa muuguzi, na kwamba alikuwa muuguzi kwa kuwa katika koloni hakukuwa na mahali pa kumsomesha Mwafrika udaktari. Kwa hiyo kijana wa hapa akisema nyumbani anataka kusomea uuguzi, na mjomba akamuuliza amekosa nini hata asiende udaktari, mjomba anaongea kwa sauti ya zamani sana. Ni ndugu wa ile aibu ya Bruxelles, ingawa imepanda mlima kwa upande mwingine: kule kazi ilidharauliwa kwa sababu mabinti wa watu wakubwa hawakuitaka, hapa ilidharauliwa kwa sababu ndiyo pekee waliyoachiwa wadogo.

Turudi kwa Cavell. Mwezi wa Agosti 1914 alikuwa likizoni kwa mama yake Norwich, akipalilia bustani, habari za vita zilipofika. Ndugu walimsihi abaki. Akajibu kwamba sasa ndipo atakapohitajika zaidi, akapanda meli. Wauguzi wake Wajerumani aliwasindikiza warudi kwao. Waliobaki aliwakusanya akawaeleza kwamba majeruhi watakaoletwa watauguzwa wote, wawe Wajerumani au Wabelgiji, kila mmoja akiwa baba au mume au mwana wa mtu. Wajerumani wakaingia Bruxelles tarehe 20 Agosti, na shule ikawa hospitali ya Msalaba Mwekundu.

Mwezi wa Novemba wakagonga mlango askari wawili wa Kiingereza waliopotezana na jeshi lao, mmoja akiwa na jeraha mguuni. Aliwaficha. Baada yao wakaja wengine, na wengine. Mtandao ulikuwa na watu wa kila aina: mtoto wa kifalme Réginald de Croÿ na dada yake Marie, mwalimu Louise Thuliez, msanifu majengo Philippe Baucq. Wao walileta watu na hati bandia. Cavell aliwalaza, akawapa fedha na viongozi wa kuwavusha hadi Uholanzi. Watu kama mia mbili walipita mikononi mwake. Kulala mgonjwa asiye na ugonjwa katika kitanda cha hospitali, kuandika katika rejista jina lisilo lake, hayo ni mambo ambayo matroni wa saa mezani hangeyavumilia kwa mwanafunzi. Aliyavumilia kwake mwenyewe kwa miezi tisa. Wauguzi wengi aliwaficha jambo hilo ili wasiwe na la kuungama.

Walimkamata tarehe 5 Agosti 1915. Gerezani Saint-Gilles aliandika kuomba koti lake la bluu na sketi, kikombe, uma, kijiko na sahani, akiongeza kwamba wasimpelekee vile vizuri. Aliomba Jack apigwe brashi mara kwa mara. Shule wakati ule ilikuwa ikihamia jengo jipya la Uccle, ambalo alilisimamia kwa miaka, naye alilifuatilia kwa barua kutoka ndani ya chumba chenye dirisha la juu.

Akihojiwa alisema kweli. Aliulizwa kama amewasaidia askari, akakubali. Kama amewapa fedha, akakubali. Na akaongeza kwamba baadhi yao walimwandikia kumshukuru baada ya kufika Uingereza. Jibu hilo la mwisho ndilo lililomuua, kwa kuwa sheria ya kijeshi ya Kijerumani ilimhesabu aliyewafikisha askari kwa adui tofauti na aliyewaficha tu. Wanaompenda wamelieleza jambo hili kwa namna nyingi: alidanganywa kwamba wenzake wamekwisha kusema, hakuijua sheria, alichoka. Nafikiri hayo yana ukweli wake, lakini pia ni lazima kusema kwamba ukweli wa mtu mmoja katika kesi ya watu 35 haumgharimu yeye peke yake, na kwamba baadhi ya wenzake wangekuwa na haki ya kutamani awe mwongo kidogo. Kumsifu kwa hilo bila kulitaja hili ni kumfanya picha ya ukutani.

Mahakamani, tarehe 7 na 8 Oktoba, alikuja na lile koti la bluu. Marafiki walisikitika: sare ya muuguzi ingeweza kuwalainisha majaji. Lakini sare ilikuwa ya shule, na kosa lilikuwa lake. Hivyo ndivyo ninavyoelewa.

Tarehe 10 aliwaandikia wauguzi wake barua ya kuaga, kwa Kifaransa. Ndani yake anakiri alikuwa mkali, na huenda mara nyingine hakuwatendea haki, ila aliwapenda kuliko walivyojua. Kisha, mtu huyu anayejua hukumu inakuja, anarudi kwenye umbeya: anawaomba wasisemane vibaya, maana ameona maisha yaliyoharibiwa na neno lililotupwa bila kufikiri. Usiku wa tarehe 11 mchungaji Gahan aliruhusiwa kumletea ushirika, naye akamwambia kwamba kuipenda nchi yake hakutoshi, imempasa asimchukie mtu yeyote wala asiwe na uchungu.

Alikuwa na kitabu kidogo cha ibada, kile cha Kumfuata Yesu Kristo cha Thomas à Kempis, alichokipigia mistari pembeni. Katika ukurasa wa mwanzo aliandika tarehe ya kukamatwa, ya kesi, ya hukumu, na akaimalizia orodha kwa tarehe na saa ya kufa kwake, 12 Oktoba, saa moja asubuhi, huku yu hai bado. Kitabu alikikusudia kwa Eddy, binamu yule wa mahubiri marefu. Alipigwa risasi pamoja na Baucq kwenye uwanja wa shabaha wa Schaerbeek.

Yaliyofuata aliyafanyiwa na wengine. Magazeti ya Uingereza yalimchora amezimia chini, afisa wa Kijerumani akimmalizia kwa bastola, jambo ambalo halikutokea. Vijana wakajiandikisha jeshini kwa maelfu ili kumlipizia kisasi mtu aliyesema hataki kumchukia yeyote. Mwaka 1919 mwili wake ulirudishwa kwa heshima kubwa, ukazikwa kando ya kanisa kuu la Norwich. Mlima wa Kanada ukapewa jina lake. Mtoto aliyezaliwa Paris miezi miwili baada ya kifo chake akaitwa Édith, naye ndiye Édith Piaf. Sanamu yake ilisimamishwa London mwaka 1920, ikiandikwa maneno ya mfalme na nchi. Yale ya kwake kwa Gahan yaliachwa nje, yakaongezwa mwaka 1924 tu, baada ya wanawake kudai.

Jack alichukuliwa na familia ya de Croÿ, akaishi hadi 1923. Shule ya Uccle iliendelea kufundisha, na barabara iliyo mbele yake leo ina jina la mkuu wake. Sehemu ya fedha zilizochangwa kwa ajili ya kumkumbuka zilitumika kufungua, huko Uingereza, nyumba ambamo wauguzi waliochoka wangeweza kwenda kulala.